Oili ya gari la turbo si lazima iwe nzito

Injini isiyo na turbo hujivutia hewa yenyewe: pistoni ikishuka, silinda inanyonya. Injini ya turbo husukumiwa hewa. Moshi unaotoka kwenye silinda huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga, na kwenye shafti hiyo hiyo, upande wa pili, kuna gurudumu jingine linalobana hewa safi na kuishindilia injini. Ukitaka kujua kwa nini magari haya mawili hutofautiana kwenye oili, anzia kwenye shafti hiyo.

Wakati injini yenyewe inahangaika kufika mizunguko 6,000 kwa dakika, shafti ya turbo ya gari dogo hupita 100,000, na nyingine huvuka 200,000. Katika turbo nyingi shafti haikalii beringi za gololi. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili, ile ile inayolainisha pistoni. Na pembeni yake tu unapita moshi ambao kwenye injini ya petroli unaweza kukaribia nyuzi 950 za Selsiasi.

Oili inapotiririka hakuna shida, inabeba joto na kuondoka nalo. Balaa huanza pale dereva anapomaliza mlima mrefu kwa kasi, anaegesha na kuzima hapo hapo. Pampu ya oili inasimama. Oili iliyokuwa ndani ya turbo inabaki imekwama kwenye chuma cha moto, inaungua na kuacha masizi magumu kama mkaa. Yakijirundika yanaziba bomba jembamba linaloleta oili, na turbo inakufa kwa ukavu ilhali kijiti cha kupimia kinaonyesha oili imejaa.

Kwa hiyo turbo inadai kwanza oili inayostahimili joto, na hilo ni jambo tofauti na uzito. Sintetiki, yaani oili iliyoundwa kiwandani kwa kemia, haikimbilii kugeuka mvuke wala kuungua kama oili ya kawaida, na kwa gari la turbo mimi nisingebania hapo. Gari lisilo na turbo na lisilobebeshwa mizigo mizito huenda vizuri hata na nusu sintetiki, mradi mnato, yaani uzito wa oili inapotiririka, ni ule uliotajwa kwenye kitabu chake na oili inabadilishwa kwa wakati.

Mnato ndio watu wengi wanapochanganya mambo. Chukua 5W-30. Namba iliyo kabla ya W inaeleza oili inavyofanya kazi kwenye baridi, na ya mwisho inaeleza mnato wake ikiwa na nyuzi 100, yaani injini imeshachemka. Hakuna kati ya hizo inayosema oili ni bora au mbaya. Magari mengi mapya ya turbo yametengenezwa kwa 5W-30, mengine hata 0W-20. Nafasi za beringi na pampu vimepimwa kwa mnato huo. Ukimimina 20W-50 kwa imani kwamba nzito hulinda zaidi, oili inachelewa kuifikia turbo kila unapowasha gari likiwa limepoa. Ushauri wa "turbo weka nzito" ni wa kupuuzwa, hata ukitoka kwa fundi mzoefu.

Kinachostahili macho zaidi kwenye kopo ni alama ya API, taasisi ya mafuta ya Marekani, inayoonyesha kiwango cha oili kwa herufi kama SN au SP. SN ilianza 2010, SP ikaja 2020, na tofauti yake inaihusu turbo moja kwa moja. Injini za turbo zinazonyunyiza petroli ndani ya silinda zina ugonjwa wao: ukikanyaga mafuta kwa nguvu mizunguko ikiwa bado chini, tone la oili lililochanganyika na petroli linaweza kuwaka kabla plagi haijatoa cheche. Mlipuko huo wa mapema huweza kuvunja pistoni. Ilibainika kwamba kalisi kwenye kemikali za kusafishia injini huchochea hali hiyo, hivyo watengenezaji wa oili wakaipunguza na kutumia magnesi zaidi. SP lazima ifaulu jaribio la tatizo hili. Injini ya petroli isiyo na turbo haidhuriki ikitumia SP. Faida hiyo moja tu ndiyo haiihitaji.

Magari ya Ulaya huongeza masharti ya ACEA, chama cha watengenezaji magari wa Ulaya, na ya kiwanda chenyewe, na dizeli yenye chujio la masizi hutaka oili yenye majivu machache, turbo au siyo.

Angalizo moja kabla ya kununua: gari la jina moja na mwaka mmoja linaweza kuuzwa na injini mbili, moja ina turbo na nyingine haina, na kila moja ina oili yake. Tafuta kwa namba ya aina ya injini. Jina lililo nyuma ya gari halitoshi.