Fuwele Moja ya Oksidi ya Sumaku: Maana Yake na Sababu ya Kuikuza

Fuwele moja ni kipande kigumu ambacho atomu zake zimepangwa kwa utaratibu uleule, bila kukatika, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Oksidi nyingi haziko hivyo: kipande cha kauri ni mkusanyiko wa chembe nyingi mno, kila moja imeelekea upande wake. Kwa mchunguzi wa usumaku hilo ni kikwazo, kwa kuwa usumaku una mwelekeo, na kipimo kilichochukuliwa kwenye unga ni wastani wa pande zote kwa pamoja.

Mfano mzuri ni oksidi ya metali mbili, disprosi na titani, yaani Dy₂Ti₂O₇. Unga wa oksidi mbili husagwa pamoja, huokwa, hushindiliwa ndani ya mpira mwembamba hadi uwe fimbo, kisha huokwa tena. Fimbo hiyo huning'inizwa katika tanuri ambamo mwanga wa taa za halojeni hukusanywa na vioo mbonyeo mahali pamoja. Ncha yake huyeyuka na kuungana na fimbo ya chini, na tone la myeyuko hubaki katikati likishikiliwa na mvutano wa uso wake tu. Hiyo ndiyo faida kubwa ya njia hii, maana myeyuko usiogusa chombo hauchafuliwi nacho. Fimbo zikizungushwa kinyume na kushushwa milimita chache kwa saa, fuwele hujijenga chini ya tone. Iliyopungukiwa na oksijeni hutoka nyeusi. Ikipashwa moto ndani ya oksijeni huwa ya manjano na kupitisha mwanga. Rangi hapa si urembo, kwani nafasi zilizokosa oksijeni hubadili usumaku wa ioni (atomu zenye chaji ya umeme) zilizo jirani.

Mielekeo ya fuwele hutambuliwa kwa eksirei, kisha fuwele hukatwa na kupimwa katika baridi ya chini ya kelvini 1, yaani karibu na sifuri halisi ya joto. Ioni za disprosi hukaa kwenye pembe za piramidi zenye nyuso nne, na sumaku ya kila ioni huelekea ndani au nje ya piramidi, hakuna njia ya tatu. Mbili huingia na mbili hutoka, sawa na hidrojeni katika barafu ya maji, ambapo mbili huwa karibu na oksijeni na mbili mbali. Kwa hiyo hali hii huitwa barafu ya spini, spini ikiwa ni ile sumaku ndogo ya ioni. Mpangilio wa atomu za fuwele hii hujengwa kwa michemraba inayojirudia. Uga wa sumaku ukielekezwa kwenye ulalo wa mchemraba, kutoka pembe moja kupitia katikati hadi pembe ya mkabala, usumaku hupanda hadi magnetoni 3.33 za Bohr (kizio cha usumaku wa atomu) kwa kila ioni na kutulia hapo kama kwenye ngazi. Uga unapofika karibu tesla 1 (tesla ni kizio cha nguvu ya uga), kanuni ya mbili kwa mbili huvunjika, zikawa tatu kwa moja, na usumaku huruka hadi 5. Uga ukifuata ukingo wa mchemraba, usumaku hufika takriban 5.77 bila ngazi yoyote. Kwenye unga, ngazi hiyo humezwa na wastani.