Kwa mara nyingine: TV ya inchi 75 haijaua sinema

Wiki iliyopita nilikuwa nafunga skrini kwenye uwanja wa shule huko Mbagala. Jua la saa kumi linachoma, vijana wanavuta kamba, jenereta bado haijashushwa garini. Akaja baba mmoja wa makamo, mikono kiunoni, akauliza: "Fundi, hiki kitambaa chako ni inchi ngapi?" Nikamwambia sisi hatupimi kwa inchi, ni mita sita kwa mita tatu na nusu hivi. Akatabasamu. "Mimi nyumbani nina inchi 75, picha kali, huoni doa. Sasa mtu atoke kwake aje kukaa kwenye vumbi aangalie nini?"

Kauli hiyo nimeisikia kwa wateja, kwa shemeji yangu, kwa mwenye jengo aliyekuwa anataka kugeuza ukumbi kuwa ghala la mchele. Safari hii nimeamua kuandika, ili mwingine akiniuliza nimtumie kiungo na niendelee kufunga kamba zangu.

Nianze kwa kukubali, maana wenzangu wengi wa fani hii hawakubali na ndipo wanaposhindwa ubishi. Ndiyo, TV yako ina picha kali kuliko yangu. Kipimo cha kitaalamu cha mwanga kwenye skrini ya ukumbini ni kandela 48 kwa mita ya mraba. TV ya kawaida ya leo inatoa mia tatu bila kutoka jasho. Projekta nyingi za kumbi bado ni 2K, yaani pikseli 2048 kwa upana. TV yako ina 3840. Weusi wa TV ni weusi kweli, wangu ni kijivu, na uwanjani ni kijivu cha mbalamwezi.

Hata huo ukubwa wenyewe ni hesabu ya darasa la saba. TV ya inchi 75 ina upana wa sentimita 166. Kaa mita mbili na nusu mbele yake. Sasa nenda kwenye ukumbi wenye skrini ya upana wa mita 12, kaa mita 18 kutoka hapo. Gawanya mwenyewe. Picha inajaza jicho lako kwa kiasi kilekile. Kwa hiyo ubishi wa mashine umekwisha, umeshinda wewe, hongera.

Swali langu ni moja. Kama raha ya sinema ingekuwa ni picha nzuri, mbona kumbi zetu ziliuliwa na picha mbaya?

Wanaokumbuka wanajua. Dar es Salaam tulikuwa na Empire, Avalon, Odeon, na ile sinema ya kuangalia ukiwa ndani ya gari kule Msasani. Zanzibar kulikuwa na Majestic pale Vuga, na Cine Afrique. Jumapili watu wanavaa, walanguzi wa tiketi wamejaa nje. Ilipoingia video, mkanda wa VHS ulionakiliwa mara tano, rangi zimechuja, mistari inapita katikati ya uso wa steringi, ndio uliowatoa watu kwenye skrini ya mita kumi na mbili. Walikwenda wapi? Hawakwenda kukaa peke yao vyumbani. Walikwenda kwenye kibanda umiza: turubai, mabenchi ya mbao, TV ndogo juu ya kabati, watu sitini wanabanana, jasho moja. Picha waliiacha bila kusita. Kukaa pamoja hawakukuacha.

Nilimuuliza yule baba, siku ya Simba na Yanga unaangalia wapi? Akasema pale baa ya jirani. Na inchi 75 ziko nyumbani, zimezimwa.

Sasa nieleze kitu ambacho sisi maopereta tunakijua kwa sababu ya kazi yetu, na mtazamaji wa kawaida hana nafasi ya kukijua. Nilianza mwaka 1984 kama msaidizi kwenye chumba cha mashine. Wakati huo mkanda wa milimita 35 unakuja kwenye makopo, kila roli kama dakika ishirini, filamu ya Kihindi inaweza kuwa na roli nane au tisa. Kazi yangu ilikuwa kukagua: unapitisha mkanda kati ya vidole, unatafuta tundu lililochanika, kiungo kilicholegea, alama ya duara kwenye kona ya juu kulia inayokuambia washa mashine ya pili. Halafu asubuhi tunazipitisha roli kwenye ukumbi mtupu, kuhakikisha. Kwa hiyo mimi nimeona filamu nyingi sana mara mbili siku hiyohiyo: saa tatu asubuhi nikiwa peke yangu na viti mia sita vitupu, na saa tatu usiku viti vimejaa.

Kulikuwa na picha moja ya vichekesho ambayo asubuhi niliiona hadi mwisho sijatabasamu. Nikamwambia mkubwa wangu, "Leo watu watadai hela zao." Hakunijibu. Usiku, dakika ya kumi, jamaa kwenye viti vya bei rahisi mbele alitoa kicheko cha ajabu, kama mbuzi anakohoa. Ukumbi ukamcheka yeye. Kabla hawajamaliza kumcheka yeye, kichekesho kinachofuata kikawakuta midomo iko wazi tayari. Kuanzia hapo hakikupita kitu bila kicheko. Nilikuwa nimesimama kwenye kidirisha cha opereta nacheka mambo yaleyale yaliyonichosha asubuhi. Mkanda uleule, lenzi ileile. Hilo limenitokea mara nyingi mno kuita bahati.

Wanaotengeneza filamu wanalijua. Wale wachekeshaji wa Marekani, Marx Brothers, walipojiandaa kwa filamu yao ya mwaka 1935, walizunguka kwanza na vipande vyake jukwaani ili kupima watu wanacheka wapi na kwa muda gani, ili mstari unaofuata usimezwe na kicheko. Filamu iliyopimwa hivyo ina mapengo ndani yake. Ukumbini pengo linajazwa na watu. Sebuleni kwako pengo linabaki pengo, na wewe unasema "hii muvi inajivuta" na kupeleka mbele. Ulichokiruka ni mahali pa kukaa wenzako.

Hata sauti inabadilika. Ukumbi mtupu unalia kama mtungi. Wakiingia watu, miili na nguo zinakunywa sauti, hasa zile nyembamba za juu, kwa hiyo kipimo ulichoweka asubuhi usiku hakifai, unapandisha. Fundi asiyejua hili utamsikia dakika tano za kwanza, watu wanapiga kelele "Sautiii!"

Na hapo nafika kwenye jambo linaloniudhi kuliko inchi. Kuna kundi lingine, wasomi wasomi, hawasemi TV imeua sinema. Wao wanasema: "Watu wetu hawajui kuangalia sinema. Wanapiga kelele." Nilifanya kazi na mtu kama huyo kwenye onyesho moja, akachukua maikrofoni katikati ya filamu kuwaambia watu wanyamaze kama wastaarabu. Walinyamaza. Baada ya dakika ishirini walianza kuondoka, kimya kimya, kama wastaarabu.

Wazo hilo lina babu yake, na babu yake alikaa hapahapa. Mwaka 1935 hadi 1937 kulikuwa na mradi wa Waingereza wa kutengeneza filamu za kuelimisha Waafrika, makao yake Vugiri, kule milima ya Usambara. Walizunguka na lori Afrika Mashariki na kati wakionyesha filamu zao. Mwaka 1939 serikali ya kikoloni ya Uingereza ikaanzisha kitengo chake chenyewe cha filamu, na imani iliyotawala humo ilikuwa kwamba mtazamaji wa Kiafrika apewe picha za polepole, rahisi, zisizo na ufundi wa kukata na kuunga, la sivyo atachanganyikiwa. Wakati huohuo, vijana wa Unguja na Dar walikuwa wanalipa hela zao wenyewe kuona filamu za kibiashara zilizojaa mikato, nyimbo na mapigano, na kesho yake wanasimulia kijiweni bila kuacha hata kofia ya adui. Leo mtu aliyevaa beji ya tamasha anarudia hukumu ileile akidhani ni yake.

Sikiliza. Kuna kelele za aina mbili, na opereta aliyekaa miaka kumi anazitofautisha akiwa amefumba macho. Kuna kelele inayokwenda mbele na kelele inayokwenda pembeni. Kelele ya pembeni ni mtu anaongea na simu kuhusu mzigo wa bandarini, au wawili wanagombania deni. Hiyo inaua filamu, na hiyo watu wenyewe huizima, hawahitaji maikrofoni yako. Kelele ya mbele inakwenda kwenye skrini. "Nyuma yako!" "Usinywe, kaweka sumu!" Mama mmoja anamwambia mke wa kwenye filamu aondoke kwa huyo mwanaume, watoto atawalea, na wanawake mistari mitatu nyuma yake wanaitikia. Anayepiga kelele hiyo ameelewa kila kitu. Ameelewa mpaka imemshinda kukaa nayo peke yake.

Kuna na yule aliyekwishaiona picha jana. Wageni humchukia. Anasema kwa sauti, "Huyu anakufa sasa hivi." Lakini mwangalie vizuri: amelipa tena, na hatazami skrini, anatazama nyuso za wenzake pale jambo linapotokea. Enzi za picha za Kihindi watu walirudi kwenye filamu moja mara tano, sita, wakaimba nyimbo zote bila kujua Kihindi.

Na wasimuliaji? Lufufu na wenzake waliotutafsiria filamu kwa Kiswahili huku wakitia chumvi na vijembe vyao, wale ma-VJ wa Uganda wanaofanya hivyohivyo kwa Kiganda, mnawaita uchafuzi. Japani, enzi za filamu bubu, walikuwa na wasimuliaji wa aina hiyo wanaoitwa benshi, wamesimama kando ya skrini, na baadhi yao walikuwa na majina makubwa kuliko waigizaji. Huko mnaita utamaduni.

Tena ni ukumbi wa kelele peke yake unaoweza kukupa kimya cha kweli. Watu mia nne waliokuwa wanapiga mbinja wakinyamaza ghafla, opereta anashtuka na kuangalia mashine kwanza, akidhani sauti imekatika. Halafu anachungulia kidirishani na kuona vichwa vyote vimetulia, bisi ziko njiani kuelekea mdomoni na hazifiki. Kimya cha watu waliokatazwa kusema ni kitu kingine.

Sasa yale yanayonisumbua, maana sitaki mdhani nina dawa ya kila kitu.

Filamu za kutisha zinaivuruga nadharia yangu. Peke yangu asubuhi, kwenye ukumbi mtupu, niliogopa kweli, niliwasha taa. Usiku na watu, hofu ileile iligeuka mchezo: wanapiga mayowe, halafu wanacheka mayowe yao. Kwa hiyo siwezi kusema umati unazidisha kila hisia. Vicheko unazidisha. Hofu unaigeuza. Huzuni mpaka leo sijaamua. Nimeona ukumbi mzima unalia, na nimeona watu wakimtania anayelia mpaka wote wakapona mapema mno, na filamu ikapoteza walichokuja kukichukua.

Pili, ukumbi usiojaa. Watu kumi na mmoja kwenye viti mia tatu ni vibaya kuliko sebule yako, nasema wazi. Kila mmoja anasikia aibu ya kucheka. Nimejifunza kuwasogeza: watu arobaini kwenye mikeka, magoti yanagusana, wananishindia watu mia mbili waliotawanyika uwanja mzima. Zile kumbi mpya zenye viti vipana vya kulalia, kila mtu na kisiwa chake, starehe ipo, lakini zinauza sebule kwa bei ya tiketi. Na tiketi yenyewe, familia ya Mbagala ikishalipa na nauli, wiki imekwisha.

Tatu, simu. Zamani nilizikataza kabisa. Siku hizi naona msichana anarekodi, si filamu, anarekodi wenzake wanavyoruka kwa furaha, na anamtumia dada yake aliyeko Muscat. Mwanga wake unanikera na mkono wangu unasita.

Mengine ni ya ufundi na nitayaandika siku nyingine: kuzuia upepo usipeperushe skrini, mahali pa kuweka jenereta ili isimeze mazungumzo (mbali, upande wa upepo unakoelekea), na kwa nini taa za uwanja zizimwe zote kwa mpigo mmoja.

Yule baba wa inchi 75 alirudi usiku ule, nilimwona, amesimama ukutani mikono imekunjwa, mtu wa kupita tu. Katikati ya filamu adui aliingia na kisu chumbani mwa steringi, na kutoka pale ukutani nikasikia sauti nzito inaniambia mimi, fundi, kana kwamba mlango ule niliuacha wazi mimi: "Jamani, mwamsheni huyo!"

Alhamisi tuko Bagamoyo. Tunafungua picha saa moja na nusu, giza likishaingia. Mikeka ya mbele ni ya watoto.