Pampu ya Ploti Ikiungua, Nani Alipe?

Bomba lilikohoa mara mbili, likatema hewa, likanyamaza. Ilikuwa alfajiri, hapa Kisauni, Mombasa, na adhana haijesha familia sita za ploti yetu tulikuwa tushasimama uani na ndoo mkononi. Pampu inayovuta maji ya kisima na kuyapandisha kwenye tangi la juu ya paa ilikuwa ikinguruma bila kuzunguka. Kufika saa mbili, ujumbe wa keateka, yaani msimamizi wa ploti, ukaingia kwenye simu zetu: kila nyumba itume shilingi mia tano za fundi.

Je, ni haki mpangaji kuchangishwa matengenezo ya kitu kinachotumiwa na ploti nzima?

Kwa Kenya, sheria ina jibu fupi kuliko mabishano yetu ya asubuhi ile. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 65, inamtwika mwenye nyumba anayepangisha sehemu tu ya jengo kazi ya kutunza paa, kuta kuu, mifereji mikuu, na pia sehemu na mitambo ya pamoja. Jukumu hilo linahesabiwa kuwa limo ndani ya mkataba hata kama hakuna aliyeliandika. Na pampu inayonywesha nyumba sita, kama si mtambo wa pamoja, basi sijui ni nini.

Ukiiacha sheria kando, hesabu nayo inasema hivyo hivyo. Mpangaji hukaa mwaka, pengine miwili, kisha akafunga virago. Pampu hubaki. Ukichangia mota mpya mwezi wa Machi na ukahama Juni, umemnunulia mwenye nyumba mali ambayo ataipangisha pamoja na chumba kwa atakayekuja baada yako. Tena ulipokuwa ukitafuta nyumba, kibao cha langoni kilisema "maji yapo", na bei ya chumba ikapandishwa kwa neno hilo. Maji hayo ulikuwa unayalipia tangu siku ya kwanza.

Umeme wa kuendesha pampu ni jambo jingine. Huo ni matumizi, na ploti nyingi huugawa kwa vichwa au kwa nyumba, pamoja na taka na mlinzi. Hapo ndipo wengi tunapochanganya: kwa kuwa tumezoea kuchanga tokeni za umeme, tukiambiwa tuchange mota tunaona ni mchango ule ule.

Swali gumu zaidi ni kwa nini kifaa kimeharibika. Fundi alipofika alizima umeme, akafungua kifuniko cha nyuma, akaingiza bisibisi na kuisukuma feni kwa mkono. Ikazunguka laini. Akatikisa kichwa: mota ni nzima, ila kapasita imekufa. Kapasita ni kile kidude cha mviringo kinachoipa mota msukumo wa kuanzia, na kikichoka, mota hunguruma bila kuzunguka mpaka ikaungua ikiachwa. Mwilini mwa pampu palikuwa na ukoko mweupe wa chumvi, maana visima vingi vya pwani yetu vina maji ya chumvichumvi yanayokula chuma taratibu. Uchakavu wa namna hii haumhusu mpangaji. Kifungu cha 66 cha sheria ile ile hakimdai mpangaji anayehama arekebishe kilichochakaa kwa matumizi ya kawaida.

Lakini tuseme kijana wa nyumba ya tatu aliiwasha usiku ili ajaze mapipa yake, akalala, kisima kikakauka na pampu ikazunguka bila maji mpaka koili zikanuka. Hapo ni uzembe, na mzigo ni wake peke yake. Majirani hawana deni. Shida ni kuthibitisha, na ndiyo maana swichi ya pampu hufaa ikae mahali penye kufuli na ufunguo uwe na mtu mmoja.

Vifaa mlivyonunua wenyewe havimo katika haya. Wanafunzi wanne wakichanga friji, friji ni yao na gesi ikiisha wajaze wao. Waandike mapema tu kwamba anayehama atarudishiwa nini; nimeona urafiki ukivunjika kwa friji ya mtumba.

Ukiwa na mkataba, soma aya ya matengenezo kabla ya kuanza kugomba. Mpe mwenye nyumba taarifa kwa maandishi, hata kwa WhatsApp, pamoja na picha na tarehe. Ukilazimika kumlipa fundi mwenyewe kwa sababu watoto hawawezi kukaa bila maji, pata kwanza ridhaa yake ya kukata pesa hizo kwenye kodi. Ukikata kimyakimya, yeye atakuhesabia malimbikizo. Lipo Baraza la Kudhibiti Kodi linalosikiliza kesi za wapangaji, ila sheria yake inahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nitafutieni nyumba hiyo Mombasa nihamie leo.

Sisi tulimjibu keateka kwa upole: Bwana, mwambie Mzee mwenye nyumba kifaa ni chake. Mzee alinuna siku mbili, kapasita ikanunuliwa siku ya tatu. Mama wa nyumba namba nne alikuwa keshatuma mia tano zake. Zilikatwa kwenye kodi ya mwezi uliofuata, na risiti ameibandika nyuma ya mlango.