Utambulisho wa chapa: maana yake kwa fundi, mchongaji na mpambaji

Mwaka juzi alinijia fundi cherehani wa Mikindani, dada anayeshona mikoba ya kanga, akanipa simu yake nisome. Alikuwa ameandika orodha ya vitu anavyotaka kwenye logo: mti wa mpingo, korosho, mawimbi, jahazi, ramani ya Tanzania, cherehani, na jina lake kwa herufi za dhahabu. "Kaka, usiache hata kimoja," akasema. "Mtu akiona ajue hii ni Mtwara."

Nikamuuliza: mteja wako akitaka kumwelekeza mwenzake aje kununua kwako, humwambiaje? Akafikiri kidogo. "Wanasema yule dada wa mikoba ya pindo, pale ukipita Boma."

Jibu lile lilikuwa na thamani kuliko orodha nzima. Bila kujua, alikwisha kuwa na utambulisho wa chapa, na hakuwa amelipia hata senti.

Utambulisho wa chapa ni mkusanyiko wa ishara ambazo biashara imezichagua na kuzirudia, yaani jina, nembo, rangi, mwandiko, picha, namna ya kusema na namna ya kufunga bidhaa, mpaka mtu anaitambua biashara kabla hajasoma mahali ilipoandikwa. Katika maelezo hayo, uzito uko kwenye kuchagua na kurudia. Kuchora kunafuata nyuma, na mara nyingi ndiyo kazi fupi kuliko zote.

Mkanganyiko huanzia kwenye maneno. Mtu anasema "nitengenezee chapa" akimaanisha nembo. Mwingine anasema "nina nembo" akidhani tayari ana utambulisho. Tuyatenganishe.

Nembo ni alama moja. Neno lenyewe ni la zamani kuliko ofisi yoyote ya usanifu: kabla ya kuwa picha ya shirika, nembo ilikuwa chale, mchoro wa mapambo unaochanjwa mwilini. Na sisi wa kusini tuna bahati ya kuwa na ushahidi karibu, kwa sababu Wamakonde chale zao za mwilini wanaziita dinembo. Ile mistari ya pembepembe kwenye mashavu na paji la uso, ambayo unaiona hadi leo kwenye vinyago vya uso vinavyovaliwa ngomani, ndiyo hiyo. Mtu aliyeijua mistari hiyo alimtambua mwenzake bila kuambiwa jina. Sijui lugha nyingine ambayo neno la logo limetoka moja kwa moja kwenye ngozi ya mtu, na kila nikilitumia kazini nalionea fahari.

Chapa ni jambo pana zaidi. Asili yake ni alama ya kugonga au kuchoma: chapa ya ng'ombe, chapa kwenye gunia. Kwa maana ya leo ni sifa iliyokwisha kushika, yaani ukitajwa, watu wanakumbuka nini. Hiyo hakuna msanifu anayeweza kukuchorea, akikuahidi mwache. Inajengwa na mshono usiofumuka na mzigo unaofika siku uliyosema. Kinachoweza kusanifiwa ni utambulisho, ambao kazi yake ni kuhakikisha sifa hiyo, nzuri au mbaya, inakwenda kwa mwenyewe na haiokotwi na jirani.

Mfano ninaoutumia kila mara ni kanga, kwa sababu kila mtu anao nyumbani. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo ni ule ukingo unaozunguka pande zote nne, mji ni uwanja wa katikati wenye picha au maua, jina ni yale maneno. Badilisha mji na jina mara mia, bado mtu akiiona kwa mbali barabarani anajua ile ni kanga, si kitenge. Mpangilio ndio unaoitambulisha. Humo ndani kila mchoraji anacheza atakavyo, na kila msimu zinatoka mpya. Utambulisho mzuri wa biashara uko hivyo: sehemu chache haziguswi, nyingine zote zinaruhusiwa kubadilika. Mpambaji wa harusi anayedhani lazima kila tangazo lake lifanane na lililopita atachoka ndani ya miezi miwili. Anayebadilisha kila kitu kila wiki naye atakuwa anaanza upya kila Jumatatu.

Na kanga hiyohiyo ina somo la pili. Kampuni ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza kama duka dogo Mombasa mwaka 1887, iliandika kwenye kanga zake maneno "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Hapakuwa na picha ya simba wala ya jua. Ni herufi tatu na maneno matatu, yamekaa palepale miaka na miaka, na akina mama wa pwani wakajua kuyatafuta dukani kabla ya kufungua mkoba. Nikiambiwa nitaje kazi bora ya utambulisho Afrika Mashariki, nitaitaja hiyo, na sidhani kama kuna aliyekaa kikao kuibuni.

Turudi kwa dada wa Mikindani. Tulipokaa kuorodhesha alivyokuwa anajitambulisha, tukakuta ana majina matatu. Bango la mlangoni lilikuwa na jina la mwanawe na neno "fasheni". Instagram alikuwa na jina lake mwenyewe lenye namba mwishoni. Mteja wa Dar es Salaam akituma hela ya mzigo, kwenye simu linatokea jina la mumewe, kwa sababu laini ilisajiliwa na mume. Mara ngapi mteja amesitisha malipo akauliza "mbona limekuja jina lingine?" Alisema hazihesabiki. Wengine hawakuuliza, wakanyamaza tu. Kwa biashara ndogo ya siku hizi, jina linalotokea mtu anapotuma pesa ni sehemu ya utambulisho kuliko hata kadi ya biashara, na ni sehemu ambayo wasanifu wengi hatuulizii. Kazi ya kwanza, kabla ya kuchora mstari wowote, ikawa kupata Lipa Namba (namba ya kupokea malipo kwa simu) yenye jina la biashara na kuyafanya majina yote kuwa moja.

Kuhusu kuchagua jina nitasema kidogo tu. Liwe fupi, litamkike kwenye simu yenye mtandao mbovu, na lisiwe la kila mtu. Neno "machinga" ni funzo la kutosha: linahusishwa na Wamachinga wa mkoa wa Lindi, na leo ni jina la mchuuzi yeyote wa mitaani nchi nzima. Ukijiita "Makonde Arts" au "Kusini Crafts", umejiweka kwenye njia hiyohiyo. Hujakosea, ila umejitaja kwa jina la ukoo tu.

Ndiyo maana mpingo na korosho vilitoka kwenye orodha ya dada. Havina ubaya wowote. Ila mkoa mzima unavitumia, kuanzia timu za mpira mpaka maduka ya vifaa vya ujenzi, kwa hiyo vinasema mahali bila kusema nani. Tulichobakiza ni kile ambacho wateja walikwisha kukichagua wenyewe: pindo. Kila mkoba sasa una utepe wa pindo kwenye mfuniko, upana uleule, upande uleule, hata kama kanga yenyewe ni ya rangi gani. Lebo ya ndani inakatwa kwenye vipande vya pindo vilivyokuwa vinatupwa. Na nembo? Ni jina tu, ndani ya fremu ya mistari miwili inayoiga ukingo wa kanga.

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, biashara ndogo zimepata uwanja wa bure ambao wengi hawautumii: mfuko wa kaki. Kuchapisha mifuko kiwandani kunataka uagize maelfu. Muhuri wa mpira unauchonga mara moja, unagonga mifuko kumi au mia, kadiri ya mzigo ulio nao. Wa kwanza niliutengeneza vibaya, nikiri. Herufi nilizozipenda zilikuwa nyembamba, kwenye kioo cha kompyuta zinapendeza. Kwenye kaki wino ukasambaa, matundu ya "a" na "e" yakaziba, jina likawa kama wadudu waliokanyagwa. Nikarudia kwa herufi nene zenye nafasi pana, na mistari miwili ya ile fremu nikaiachanisha. Muhuri wa pili ndio unaotumika.

Tangu hapo nina kipimo ninachokiita cha sarafu. Masultani wa Kilwa, huko juu kidogo mkoani Lindi, walitengeneza sarafu za shaba ambazo upande mmoja una jina la sultani na upande wa pili sifa kwa Mungu, na maneno ya pande mbili yana vina kama beti. Kitu kidogo kama kifungo cha koti, kimeandikwa kwa mkono wa fundi, na bado wataalamu wanasoma ni ya nani. Kwa hiyo nembo yoyote naipunguza mpaka ukubwa wa sarafu. Ikisomeka, itasomeka kwenye lebo, kwenye muhuri, na kwenye ile duara ndogo ya picha ya WhatsApp ambako wateja wengi watakutana nayo. Jahazi lenye kamba na mabaharia halifiki hapo.

Rangi zina mtego wake. Kioo cha simu kinatengeneza rangi kwa mwanga: nyekundu, kijani na bluu. Mashine ya kuchapa inatumia wino: sayani (samawati), majenta (waridi iliyokolea), njano na nyeusi. Kuna bluu za simu ambazo wino hauwezi kuzifikia, na ndiyo sababu mtu anaagiza fulana za bluu ya bahari, zinatoka na uzambarau, kisha ugomvi na mchapaji unaanza bila kosa la yeyote. Mwombe akuchapie kipande kwanza. Halafu kuna jua letu. Tazama mabango ya barabarani yaliyokaa miaka miwili: njano na majenta zimekimbia, yamebaki na bluu iliyopauka. Mtu aliyejenga utambulisho wake wote juu ya waridi mkali ajue atabadilisha bango mara kwa mara. Rangi mbili, moja ikiwa nyeusi au ya udongo, zinatosha biashara nyingi, na zinapunguza gharama.

Kwa mchongaji hali ni tofauti, na hapa nina manung'uniko. Mitindo mikubwa ya vinyago vya Kimakonde, ule wa ujamaa wenye watu waliobebana kama mnara na ule wa shetani, ni ya wengi. Hakuna anayeweza kujitambulisha kwayo peke yake. Kinyago kikiuzwa kwa dalali, kikafika soko la Mwenge kule Dar es Salaam, jina la aliyekichonga linabaki njiani. Utambulisho wa mchongaji kwa hiyo usiwe bango, uwe juu ya kazi yenyewe: alama yake aliyoichonga chini ya kitako, ileile kwa kila kinyago, na namba yake kwenye kipande cha karatasi. Mmoja ninayemfahamu huacha ukanda mdogo wa sehemu nyeupe ya nje ya mti bila kuupaka kitu. Ni ujanja wa maana, kwa sababu sokoni kuna miti laini iliyopakwa rangi ya viatu ikaitwa mpingo, na ule weupe unaokutana na weusi bila mpaka wa brashi unamwonyesha mnunuzi kwamba weusi ni wa mti. Alama moja inafanya kazi mbili, ya saini na ya uthibitisho.

Sheria nayo ina maneno yake. Kusajili jina la biashara BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, si sawa na kusajili alama ya biashara, ingawa zote mbili zinafanyika ofisi hiyohiyo. Jina la biashara linakuruhusu kufanya kazi kwa jina hilo. Alama ya biashara ndiyo inayokupa haki ya kumzuia mwingine asiitumie kwenye bidhaa za aina yako. Bidhaa na huduma zimegawanywa katika madaraja 45, mikoba na nguo hazimo daraja moja, hivyo fikiri unauza nini kabla ya kujaza. Usajili wa alama hudumu miaka 7 ya mwanzo, kisha unauhuisha kwa miaka 10 kila mara. Hauvuki bahari kwenda Zanzibar, wao wana usajili wao. Kwa anayeanza, ningesema jina la biashara kwanza, alama baadaye wateja wakianza kuulizia kazi yako kwa jina.

Ukimlipa msanifu, mwambie akupe faili la vekta, ambalo linakuzwa kuwa bango bila kuvunjika, pamoja na namba za rangi na jina la aina ya herufi. Ukipewa picha moja ya WhatsApp tu, hujakabidhiwa kazi.

Dada wa Mikindani anavyo vyote hivyo, na muhuri, na Lipa Namba. Bango la mlangoni tu ndilo bado lina jina la mwanawe na lile neno "fasheni". Nimemkumbusha mara mbili. Anasema atalibadilisha mumewe akilipwa hela ya korosho.