Je, wajua kwa nini wanafunzi wa uhandisi huvaa miwani ya uhalisia pepe (inayomwonyesha mvaaji mandhari ya kompyuta kana kwamba yumo ndani yake) kujifunza mtiririko wa maji na hewa?

Maji safi yakipita ndani ya bomba la kioo, jicho haliwezi kujua kama yananyooka au yanajiviringisha. Hewa ndiyo kabisa, haionekani. Ugumu wa somo hili uko hapo: mwanafunzi hukabidhiwa milinganyo ya Navier na Stokes, yaani hesabu za mwendo wa vimiminika na gesi, ieleze mwendo ambao hajawahi kuuona.

Mwaka 1883, Osborne Reynolds, aliyefundisha Manchester, aliingiza uzi mwembamba wa rangi katika maji yaliyokuwa yakipita bombani. Maji yalipokwenda polepole, uzi ulibaki umenyooka. Kasi ilipozidi kiwango fulani, ulivurugika na kutapakaa. Ni jaribio zuri mno, na maabara hazina sababu ya kuliacha.

Hata hivyo, rangi haikuambii kanieneo (nguvu inayokandamiza kila eneo) ni kiasi gani katika kila nukta, wala huwezi kuitumia kuchungulia ndani ya injini ya ndege inayounguruma. Kompyuta hulifikia eneo hilo kwa kuligawa katika vijisehemu, mara nyingi mamilioni, kisha kukokotoa kasi na kanieneo ya kila kimoja. Tatizo huja wakati wa kuyatazama majibu. Mizunguko iliyojisokota nyuma ya bawa, ikishabanwa kwenye skrini bapa, huwa mistari iliyolaliana tu.

Miwani ya uhalisia pepe hulionyesha kila jicho picha yake, na ubongo ukaona kina. Mwanafunzi huinama, huzunguka nyuma ya bawa, huachia chembe za kidijitali mahali anapotaka na kuzifuata zinakokwenda. Wazo si geni: watafiti wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, katika kituo cha Ames walitengeneza handaki la upepo (mahali pa kujaribia vyombo kwa kuvipulizia hewa) la kidijitali la namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Kuna jambo ambalo mwalimu asilifiche. Picha ndani ya miwani hubadilishwa mara nyingi kila sekunde, mara 90 katika miwani mingi. Zikichelewa, kizunguzungu na kichefuchefu huanza. Ukokotoaji makini wa mtiririko wenye msukosuko unaweza kuchukua saa nyingi, hata siku. Kwa hiyo kinachoonekana kwa kawaida kilishakokotolewa kabla ya kipindi, au kimerahisishwa ili kiende haraka. Mwanafunzi akifungua vali ya kidijitali na mtiririko ukabadilika papo hapo, ana haki ya kuuliza jibu hilo limetoka wapi.