Je, wajua kwa nini kompyuta mpya yenye RAM ya DDR5 inakaa giza dakika kadhaa ukiiwasha mara ya kwanza?

Umefunga madabodi (bodi kuu ya kompyuta) mpya na vijiti viwili vya DDR5, yaani RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, unawasha, feni zinazunguka, kitaa cha DRAM, cha kuonyesha RAM inakaguliwa, kimewaka halafu skrini nyeusi tii. Dakika ya kwanza inapita, ya pili nayo inapita. Hapo ushauri unaanza kumiminika kuanzia Mwanjelwa mpaka Iringa mjini: RAM feki hiyo, rudisha dukani, au madabodi imekufa, na kuna wanaosema ni baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba, eti mashine ipashwe moto kwanza.

Mara nyingi hakuna kilichokufa. Na baridi haihusiki, mtu wa Dar naye anakaa giza vilevile huku anatoka jasho. Kinachoharibu ni pale mtu anapokosa subira akachomoa waya, maana kazi iliyokuwa inafanyika inaanza upya, akiwasha giza tena, anachomoa tena, mpaka jioni amejithibitishia kwamba RAM ni mbovu. Mwaka 2022 ASRock, watengenezaji wa madabodi, walibandika stika kwenye bodi zao za AM5 (za prosesa za AMD) kuonya watu, na kwa vijiti vinne vya GB 32 stika ilitaja sekunde 400 hivi. Yaani dakika sita na ushee za kutazama skrini nyeusi, kwa maelekezo ya kiwandani kabisa!

Kazi yenyewe ni mashine kujifunza RAM yake. Kwa spidi ya 6000, yaani biti milioni 6000 kwa sekunde kwenye kila njia, kila biti ina kama pikosekunde 167 tu za kupita (pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde), muda ambao mwanga wenyewe unatembea sentimita 5, na umeme ndani ya madabodi unaenda karibu nusu ya hapo. Kijiti kimoja kina njia 64 za data na hazilingani sawasawa, kwa hiyo tofauti ndogo tu ya urefu inatosha biti kusomwa vibaya. Chukua redio ya zamani ya kuzungusha mshale: unasogeza kushoto mpaka stesheni inaanza kukwaruza, unarudi kulia mpaka inakwaruza tena, halafu unauweka mshale katikati ya ile mikwaruzo miwili, kwa sababu katikati ndo hata ikitingishika kidogo bado utasikia. Prosesa inafanya hivyohivyo, inaandika data inayoijua, inaisoma, inasogeza muda kidogo, inasoma tena, halafu inahamia kwenye volti, njia kwa njia.

DDR4, RAM ya kizazi kilichotangulia, nayo ilikuwa inafanya haya, ila chapchap hata huoni.

Ukiwasha XMP au EXPO (setingi za kuipandisha RAM spidi) kwenye bayosi, ile menyu ya setingi za madabodi, au ukigusa taimingi, yaani muda RAM inaosubiri kati ya hatua zake, vipimo vya zamani havifai tena, giza linarudi. Na prosesa mbili za aina moja zinaweza zisikubali spidi ileile, so kunakili setingi za mtu wa YouTube ni bahati nasibu.

Bodi za AM5 zina setingi inaitwa Memory Context Restore, inatunza majibu ya vipimo hivyo ili mashine iwake haraka. Nzuri, ila kama Windows inaanza kukupiga skrini ya bluu baada ya kuwasha setingi hiyo, izime kwanza kabla hujalaumu RAM. Na kama giza limezidi robo saa, zima, bakiza kijiti kimoja kwenye sloti ya pili kutoka kwa prosesa, ujaribu tena.