"Mwalimu, mpandishie hiyo C": dhana potofu kuhusu kuomba kusoma Sheria Uingereza

Wiki iliyopita mama mmoja aliniwekea simu yake mezani nisome ujumbe aliomwandikia mwalimu wa Hisabati wa binti yake. Ulianza na salamu ndefu na dua, ukaishia hivi: "Mwalimu wangu, mpandishie hiyo C iwe angalau A, mtoto anaomba Sheria na mengine yote yako juu." Binti ana makadirio ya A* kwenye Historia, A kwenye Fasihi ya Kiingereza na C kwenye Hisabati. Huyo ni mzazi wa nne msimu huu kuniletea ombi hilohilo. Nawaheshimu wote wanne, wanawapigania watoto wao. Lakini wanapigania mahali pasipo na vita.

Dhana: Makadirio yakipandishwa, mtoto ameshaingia

Hii ndiyo inayoninyima usingizi, kwa hiyo nitakaa nayo.

Makadirio ni gredi ambazo shule inaamini mwanafunzi atazipata mambo yakimwendea vizuri. Chuo huyatumia kuamua kama kitampa nafasi ya masharti, na sharti lenyewe ni matokeo halisi ya Agosti. Ukiibadilisha C ikawa A kwenye fomu, kwenye chumba cha mtihani mtoto ni yuleyule, na Hisabati ni ileile.

Tufuate safari yenyewe. Kwa makadirio ya A*AA anajaza nafasi zake tano za UCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vya Uingereza, zote vyuo vinavyodai A*AA au AAA. Vitatu vinampa nafasi ya masharti, nyumbani panapikwa pilau. Kisha anatakiwa abaki na vyuo viwili tu, chaguo la kwanza na chaguo la akiba. Vyote viwili vinadai karibu gredi zilezile, maana orodha nzima ilipangwa kwa makadirio ya kuombwa. Agosti yanatoka A*, A na C, kama mwalimu alivyosema tangu mwanzo. Chaguo la kwanza linamwacha. La akiba linamwacha. Anaingia Clearing, yaani mgawo wa nafasi zilizobaki, anapiga simu chuo baada ya chuo kuulizia kiti kilichobaki, wakati angeweza kuwa na nafasi nzuri mkononi tangu miezi ya mwanzo wa mwaka, kwenye chuo kinachompokea mwenye A*AC bila kinyongo. Nimewahi kukaa na kijana wa namna hiyo asubuhi ya matokeo. Mikono ilikuwa inatetemeka, anarudia kuniambia "nimefeli". A* na A! Hakufeli mtihani. Orodha ndiyo iliyomwangusha.

Na msidhani walimu ni wabahili wa gredi. Gill Wyness, mtafiti wa chuo cha UCL cha London, alichapisha mwaka 2016 utafiti wa waombaji wa Uingereza: ni 16% tu waliopata gredi sawasawa na makadirio yao katika masomo matatu bora, na 75% walikuwa wamekadiriwa juu kuliko walichokuja kupata. Yaani walimu wanapandisha tayari kabla mzazi hajatuma salamu. Hiyo C unayoilalamikia inawezekana kabisa tayari ina huruma ndani yake.

Tena wengi wa watoto wetu wa mtaala wa Cambridge, Dar, Mombasa na Nairobi, hufanya mtihani wa AS, nusu ya kwanza ya A-level, mwisho wa mwaka wa kwanza, na matokeo hayo yanatakiwa yaandikwe kwenye fomu. Msomaji wa maombi akikuta D ya AS halafu pembeni yake makadirio ya A, ataanza kuyatilia shaka hata yale ya Historia ambayo ni ya haki.

Kinachofaa kuombwa ni kingine. Barua ya shule inayokwenda UCAS ina sehemu tatu, na ya pili ni kwa ajili ya mazingira maalumu yaliyomwathiri mwanafunzi. Nilimuuliza yule binti kwa nini Hisabati imemsumbua, akajibu kwa utulivu kwamba darasa lao lilikaa muhula mzima bila mwalimu wa somo hilo. Mama mtu hakulijua! Hilo ndilo la kwenda kumwomba mwalimu aliandike, kwa sababu ni kweli na msomaji wa maombi anaweza kulizingatia. Msiba, kulazwa hospitali, kuhama shule katikati ya mwaka, yote hayo mahali pake ni hapo.

Halafu panga nafasi tano kwa gredi za kweli. Kanuni yangu, na siibadilishi: viwili vya kurukia, viwili vya kusimamia, kimoja cha kulalia. Cha kulalia ni kile ambacho hata somo moja likiteleza, mtoto bado anaingia, na awe anakipenda kwa dhati. Chuo asichoweza kujiona amekaa nacho miaka mitatu hakimfai kuwa cha akiba.

Dhana: A* inaifidia C

Inategemea chuo kimeandika nini, na hapa wazazi wengi hawasomi. Vyuo vyenye ushindani mkubwa huandika herufi: Oxford hutaja AAA kwa Sheria, Cambridge A*AA. Huko hakuna kujumlisha na kugawanya. C moja imevunja sharti, hata kama mengine mawili yote ni A*.

Vyuo vingine hudai pointi za UCAS, na huko hesabu inageuka. A* ni pointi 56, A ni 48, B ni 40, C ni 32. Binti yetu wa A*AC ana 136. Mwenye AAB naye ana 136. Kwa chuo cha pointi wako sawa kabisa, na kwa chuo kilichoandika AAB kwa herufi, huyu wa C anaweza kukataliwa. Kwa hiyo kabla jina la chuo halijaingia kwenye orodha, fungua ukurasa wa masharti ya kozi yenyewe uone kama ni herufi au pointi. Ni kazi ya dakika kumi, na kwa mwenye gredi zisizolingana hakuna dakika kumi zenye faida kuliko hizo.

Dhana: Lazima awe amesoma somo la Sheria A-level

Si lazima. Vyuo vikubwa vya Sheria havilidai. Historia na Fasihi zinamjenga vizuri tu.

Dhana: LNAT itafunika gredi

LNAT, mtihani wa kujiunga na Sheria unaodaiwa na baadhi ya vyuo, haifuti sharti la gredi, inawatenganisha watu ambao gredi zao zimeshapita mlangoni. Maswali 42 kwa dakika 95, kisha insha kwa dakika 40, na hufanywa mara moja tu kwa msimu. Ukikosea hakuna marudio hadi msimu ujao. Oxford, Cambridge, UCL, LSE, King's, Durham na Bristol wote wanaitaka, kwa hiyo anayeweka vyuo hivyo aanze kujiandaa wakati wa likizo. Na kumbuka, Oxford na Cambridge haziombwi zote mwaka mmoja, na siku ya mwisho ni 15 Oktoba.

Dhana: Maelezo binafsi mazuri yataokoa kila kitu

Maelezo hayo, anayojiandikia mwombaji mwenyewe kwenye fomu, siku hizi ni maswali matatu, jumla herufi 4,000, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa. Nimechoka kusoma "tangu utotoni nimependa haki". Msomeshe mtoto hukumu moja nzima. Ninayoipenda ni ya Mahakama ya Juu ya Kenya iliyofuta uchaguzi wa urais Septemba 2017, majaji wanne kwa wawili. Asome pia hoja za wale wawili waliopinga, aseme upande gani ulimshawishi na kwa nini. Aya moja ya hivyo ina uzito kuliko ukurasa wa mapenzi ya haki. Lakini C inabaki C.

Dhana: Akikosa kozi ya Sheria, uwakili umekwisha

Kwa Uingereza na Wales si kweli. Mwenye shahada ya fani nyingine anaweza kuwa wakili kupitia mitihani ya kufuzu uwakili iitwayo SQE, iliyoanza 2021. Anayetaka kurudi Tanzania ndiye awe mwangalifu, kwa sababu hapa shahada ya Sheria ndiyo mlango, ile ya nje lazima itambuliwe na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na baada yake kuna mafunzo ya uwakili ya Law School of Tanzania. Aangalie pia chuo kiko wapi. Uskoti ina sheria zake, tofauti na zile za Uingereza na Wales ambazo mahakama zetu zilirithi, na kuna wazazi hugundua hilo mtoto akiwa mwaka wa pili Edinburgh.